UCHAMBUZI: Kalenda ya shule ilikombolewa, mtoto mwenye ulemavu akasahauliwa

KALENDA ya masomo nchini Kenya ilirejea katika mkondo wake wa kawaida mnamo Januari 2023, na Wizara ya Elimu ikawa na sababu ya kujipongeza. Shule zilikuwa zimefungwa katikati ya Machi 2020 kufuatia mkurupuko wa Covid-19. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne waliitwa kurudi Oktoba 12 mwaka huo, ilhali wengine wote walingoja hadi Januari 4, 2021. Ili kufidia muda uliopotea, serikali ilifupisha mihula pamoja na likizo, ikabana mihula minne ndani ya mwaka wa 2021, na minne mingine ndani ya 2022.

Kwa wanafunzi wengi mbio hizo zilichosha, lakini zilikuwa na mantiki. Kwa mtoto mwenye usonji, ulemavu wa akili au mtindio wa ubongo, zilikuwa kinyume kabisa cha alichohitaji. Mtoto huyo hufunzwa kwa kurudia jambo lile lile siku baada ya siku, na mtu yule yule, katika mazingira yale yale, hadi mkono uzoee kushika kijiko au ulimi uzoee kutamka neno. Mazoea hayo yakikatizwa kwa miezi tisa, hayarudi kwa kuongezewa kasi. Mara nyingi huwa ni kuanza upya.

Hali ya mtoto kiziwi inadhihirisha jambo hili zaidi ya nyingine. Shule nyingi za viziwi nchini ni za mabweni. Huko ndiko mtoto anakopata lugha, maana wazazi wengi wanaosikia hawajui Lugha ya Ishara ya Kenya. Mabweni yalipofungwa, mtoto alirudishwa katika nyumba yenye upendo tele lakini isiyo na mtu wa kuzungumza naye. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, ilipeperusha masomo kupitia redio na televisheni. Redio itamfaa nini asiyesikia? Ndugu zake walikosa masomo. Yeye alikosa masomo na mazungumzo pia, na katika umri mdogo pengo la lugha haliishii darasani. Huathiri jinsi mtoto anavyofikiri, anavyoeleza maumivu na hata anavyoweza kusema kwamba ametendewa ubaya.

Mlango wa elimu maalum nchini Kenya ni utathmini. Tangu 1984, kupitia mradi uliofadhiliwa na Denmark, kumekuwa na vituo vya kutathmini watoto na kuwapa wazazi ushauri kuhusu elimu inayowafaa. Miaka miwili baadaye ilianzishwa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, ili kuwapa walimu mafunzo. Ripoti ya kituo cha utathmini ndiyo humwelekeza mtoto katika shule maalum, katika kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au katika darasa la kawaida akiwa na msaada wa ziada. Ndiyo pia msingi ambao mwalimu huutumia kuandaa mpango wa masomo wa mtoto huyo mmoja, ukionyesha anachokiweza, anachokilenga muhula huo na vifaa anavyohitaji.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Ripoti iliyoandikwa 2019 ilimweleza mtoto wa 2019. Aliporejea shuleni 2021 alikuwa mtoto mwingine. Huenda viungo vilikuwa vimekakamaa kwa kukosa mazoezi, huenda hofu ya watu ilikuwa imezidi, au kiti chake cha magurudumu kilikuwa kimekuwa kidogo kwa mwili uliokua. Hata hivyo, wengi walirudi darasani kwa ripoti zile zile kuukuu. Mwalimu aliendelea kutoka ukurasa alioachia, na mtoto aliposhindwa, kushindwa huko kukahesabiwa kuwa ni sehemu ya ulemavu wake. Huo ni udhalimu uliojificha ndani ya faili.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ambalo mzazi ana haki ya kulidai baada ya masomo kukatizwa, iwe ni kwa maradhi, mafuriko, mgomo wa walimu au ujambazi, ni utathmini mpya. Adai kabla ya kuzungumzia gredi, na adai kwa maandishi. Ombi la mdomo kwa mwalimu mkuu husahaulika kabla mzazi hajafika langoni. Barua yenye tarehe, ambayo nakala yake imepigwa muhuri na ofisi iliyoipokea, haisahauliki kwa urahisi.

Wazazi wengi pia huchanganya karatasi mbili zisizofanana. Ipo tathmini ya kitabibu inayofanywa hospitalini, ambayo humwezesha mtu kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Kisha ipo tathmini ya kielimu. Ya kwanza inathibitisha ulemavu, ya pili inaeleza mtoto afunzweje. Mzazi aliyebeba kadi peke yake hushangaa anapoambwa kwamba haitoshi, na baadhi hukata tamaa papo hapo wakidhani wanazungushwa.

Sheria, kwa upande wake, imesimama na mzazi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kile cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi na vifaa vya elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka Waziri kutunga kanuni kuhusu mambo kadhaa, likiwemo muda wa masomo unaolingana na mahitaji ya mwanafunzi wa elimu maalum. Maana yake ni kwamba wabunge walitambua, miaka saba kabla ya janga la Covid-19, kwamba mtoto huyu hawezi kupimwa kwa saa ya wenzake. Kinaya ni kwamba wakati wa kufidia muda ulipowadia, alifungwa saa ile ile.

Kuna kifungu kingine ambacho wazazi hawakitumii vya kutosha, nacho ni cha 47. Kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Shule ya umma inayomwambia mama kwamba "hatuna nafasi ya mtoto wa aina hii" inaweza kuombwa iyaandike maneno hayo na kuyatia sahihi. Si ajabu nafasi kupatikana pindi ombi hilo linapotolewa. Isipopatikana, mama huyo ana ushahidi wa kupeleka kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti au kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Maafisa wa elimu nao wana malalamiko yanayostahili kusikizwa. Mtathmini mmoja huenda akategemewa na shule zilizotapakaa katika eneo pana, bila gari wala mafuta. Mwalimu wa kitengo maalum huwa na watoto wenye ulemavu wa aina tofauti katika chumba kimoja. Ukweli huu haupingiki. Lakini kisingizio cha kale kwamba wazazi ndio huwaficha watoto kimechakaa. Mama anayempakata kijana wa miaka kumi, akapanda matatu mbili na kulipa nauli ya kiti cha ziada ili kufika kituo cha utathmini, kisha akaelezwa kwamba mhusika yuko semina, hajamficha mtu. Ni idara iliyojificha.

Suala la takwimu halisaidii. Sensa ya 2009 iliripoti kwamba asilimia 3.5 ya Wakenya walikuwa na ulemavu. Ile ya 2019 ilisema ni asilimia 2.2, baada ya mbinu ya kuuliza maswali kubadilishwa na watoto wa chini ya miaka mitano kuachwa nje ya hesabu. Tofauti hiyo haina maana kwamba ulemavu ulipungua. Ila mpangaji bajeti husoma tarakimu tu, na mtoto ambaye hajatathminiwa hayumo ndani yake.

Kwamba funzo la 2020 halikushika kulidhihirika miaka minne baadaye. Mafuriko ya 2024 yaliahirisha ufunguzi wa muhula wa pili kutoka Aprili 29 hadi Mei 6, kisha hadi Mei 13. Mjadala wa kitaifa ulihusu paa zilizong'oka, vyoo vilivyoporomoka na madaraja yaliyosombwa, na ilikuwa sawa kuyajadili hayo. Lakini kifaa cha kusikia kilicholowa maji, au mashine ya kuandikia breli iliyojaa tope, navyo ni darasa lililobomoka kwa mtoto anayevitumia.

Wanafunzi wa Gredi ya Nne walioitwa shuleni Oktoba 2020 walifanya mtihani wao wa Gredi ya Sita mwishoni mwa 2022, na ule wa Gredi ya Tisa mwaka wa 2025. Katika vitengo maalum wapo wenzao wa rika hilo ambao katika miaka hiyo yote hawakuitwa na mtathmini hata mara moja, na faili zao bado zina tarehe ya kabla ya shule kufungwa.