Theluji Si Kigezo, Kigezo Ni Wananchi

Kila ukizuka mjadala kuhusu miji inayoweza kuandaa Olimpiki ya majira ya joto na ya majira ya baridi pia, watu hukimbilia ramani. Hutafuta jiji kubwa lenye viwanja na milima ya theluji jirani, wakaridhika kwamba jibu limepatikana. Imani hiyo ni potofu.

Beijing ndilo jiji la kwanza kuandaa zote mbili, mwaka 2008 na 2022. Je, lilijaliwa theluji? Hata kidogo. Milima ya Yanqing na Zhangjiakou ina baridi kali lakini ni mikavu, hivyo karibu theluji yote ya mashindano ilitengenezwa kwa mashine. Bwawa walimoshindana waogeleaji wa 2008 likageuzwa uwanja wa barafu. Baridi ni lazima, sikatai, ila theluji ilinunuliwa.

Sasa tazama waliojaliwa. Munich, mwenyeji wa 1972, iko karibu na milima ya Alps. Novemba 2013 wakazi wake waliulizwa kuhusu kuomba michezo ya 2022, wakakataa. Stockholm, mwenyeji wa 1912, ilijitoa. Oslo, iliyoandaa michezo ya baridi 1952, nayo ilijitoa 2014 serikali ilipokataa kudhamini gharama. Zikabaki Beijing na Almaty tu, na Beijing ikashinda kwa kura 44 dhidi ya 40. Hata Denver, iliyokwisha kukabidhiwa michezo ya baridi ya 1976, iliipoteza kwa sababu wapiga kura wa Colorado walikataa kuigharamia kwa fedha za umma, ikahamia Innsbruck.

Hakuna kati ya miji hiyo iliyokwamishwa na uhaba wa theluji. Waliokataa walijua kwamba wageni hukaa wiki mbili, na deni hubaki. Montreal iliandaa michezo ya majira ya joto ya 1976, ikamaliza kulipia uwanja wake miaka 30 baadaye. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye aliyeumia.

Jiji linalofaa ni lile ambalo wakazi wake wameonyeshwa gharama yote, wakaulizwa, wakakubali. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki isipokee ombi lolote lisiloambatana na kura ya wananchi. Mlipaji ndiye mwenye haki ya kusema karibu.