Malenge Si Chakula cha Msoto

Nitasema na mkasirike: mtu anayelipa bei ya kuku mzima kwa mkahawa wa Westlands, aletewe vipande vinne vya malenge ya kuchoma vilivyoitwa "vegani", halafu kwake anakataa malenge kwa sababu ni chakula cha ushago, huyo hana shida ya ladha. Ana shida ya aibu.

Tuambiane ukweli. Githeri haina nyama wala maziwa. Wali ndengu ni hivyo hivyo. Mukimo inapata ile rangi ya kijani kutoka kwa majani ya malenge, yale Waluhya wanaita seveve na Wajaluo susa. Wahabeshi wa Orthodox tunaoishi nao hapa Nairobi hufunga nyama, maziwa na mayai Jumatano na Ijumaa. Hakuna hata mmoja aliyengoja neno "vegani" lifike ndio ale.

Lakini hapa mjini sahani bila nyama ni kama tangazo kwamba mambo yamekuwa magumu. Na malenge tumeyahukumu kifungo cha maisha: yachemshwe, yawekwe kando ya chai asubuhi, basi. Ndio maana mnasema hayana ladha. Utamu wote mmeumwaga na maji! Malenge yanataka moto mkavu na kitu chachu juu yake.

Kila kitu kiko hapa chini mjini. Malenge chukua Muthurwa au Marikiti, yale ya ndani rangi ya chungwa iliyokolea. Kisha panda River Road mpaka Nyamakima, upimiwe jira na ukwaju kulingana na mfuko wako.

Oveni sina, niko na meko tu. Menya, kata vipande vinene kama kidole gumba, paka mafuta, chumvi na jira iliyopondwa. Panga kwa sufuria nzito bila kurundika, funika, moto wa chini. Geuza upande mmoja ukishika kahawia. Dakika 25 hivi, kisu kinaingia bila kusukuma.

Mchuzi: loweka ukwaju kwa maji moto, kamua, toa mbegu. Kaanga kitunguu saumu na tangawizi, weka pilipili na nyanya moja, kisha ukwaju na tui la nazi. Acha utokote mpaka uwe mzito. Mwagia malenge, nyunyiza dhania. Watu wa Mombasa washajua hii siri, waulize kama viazi karai huliwa bila ukwaju.

Sasa kuna msee ataniambia ni rahisi kusifu mboga kama una chaguo. Hapo namkubalia kabisa. Anayekula sukuma siku saba kwa sababu nyama imemshinda si vegani, amebanwa tu, na sitamwambia ashangilie. Siku akipata nyama, ale ashibe.

Ninachokataa ni ile aibu, kwa sababu inatugharimu zaidi ya chakula. Tangu niache chuo, pesa yangu inategemea video. Isipotazamwa, wiki hiyo naipitisha na mia tatu. Marafiki wangu wengi wako hivyo. Na unajua kitu tuliacha kufanya? Kualikana. Kila mtu anangoja apate za nyama ndio aite watu kwake, na mwezi unaisha, mwingine unaisha, kila mmoja anakula peke yake kwa bedsitter yake akitazama simu. Tunaitana tu kukiwa na harusi au matanga.

Mgeni hakuja kukagua sufuria. Alikuja kukuona. Kwa hivyo wikendi hii ita watu wawili. Weka malenge katikati, chapo ama wali kando, mchuzi wa kutosha. Na usianze na "samahani, leo hakuna nyama." Karibisha watu, wanawe mikono, wale.