Asilimia Tisa ya Nani? Vihisi vya Sukari na Watoto Wetu

Haya wasomaji, leo hakuna habari za simu mpya. Leo nataka kugombana na nambari moja.

Nambari yenyewe ni 9. Ukisoma matangazo ya vihisi vya sukari, vile vidude vinavyobandikwa mkononi au tumboni na kutuma vipimo kwenye simu kila baada ya dakika chache, utaambiwa kwamba kosa lake ni asilimia 8 au 9 hivi. FreeStyle Libre 2, kwa mfano, ilitangazwa na asilimia 9.2 kwa watu wazima na 9.7 kwa watoto. Wauzaji huishia hapo. Kisha mzazi wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza huambiwa: sahau kudunga kidole!

Jamani, huo ni wastani. Sisi watunzi wa programu tunaujua ujanja wa wastani. Seva inaweza kujibu kwa wastani wa nusu sekunde na bado mteja mmoja kati ya ishirini akangoja sekunde nane huku akitutukana. Wastani wa kihisi nao unajumlisha saa nyingi ambapo sukari iko sawa, na humo ndimo zinamozama zile dakika chache za hatari, sukari ikishuka chini ya 3.9. Hapo mtoto hutetemeka, huchanganyikiwa, na ikizidi hupata degedege au huzimia.

Sasa tazama kanuni. Mwaka 2018 FDA ya Marekani ilipoidhinisha Dexcom G6, iliweka masharti ya vihisi vinavyoweza kuunganishwa na pampu ya insulini. Kihisi kinaposoma chini ya 3.9, vipimo vinavyokaribia damu halisi kwa 0.8 juu au chini vinatakiwa kuzidi asilimia 85. Basi fanya hesabu. Skrini ikisema 3.7, damu yenyewe inaweza kuwa 4.5, mtoto mzima kabisa, au 2.9, ambapo ubongo umeanza kukosa chakula. Vyote viwili vinahesabiwa kuwa sahihi! Na hapo bado hatujagusa ile karibu asilimia 15 inayoruhusiwa kutoka nje hata ya mipaka hiyo. Stripu za kidole nazo hukosea, sikatai, lakini kiwango cha ISO cha 2013 kinazidai asilimia 95 kwa kosa hilo hilo la 0.8.

Kwa watoto mambo ni mazito zaidi. Kihisi hakigusi damu, kinapima maji yaliyo kati ya seli, na sukari hufika huko ikiwa imechelewa dakika kadhaa. Mtoto aliyedungwa insulini kisha akakimbilia mpira hushuka upesi kuliko skrini. Akilalia kihisi usiku, mgandamizo hukifanya kisome chini bila sababu, king'ora kinalia, anaamshwa kunywa juisi asiyoihitaji. Mpe vitamini C nyingi kwa sababu ya mafua, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, na Libre 2 inaweza kusoma juu kuliko ukweli. Tena watafiti hawawezi kushusha sukari ya mtoto wa miaka mitatu makusudi wala kumtoa damu kila robo saa kama wafanyavyo kwa mtu mzima aliyejitolea. Kwa hiyo pale tunapohitaji takwimu zaidi ndipo zilipo chache.

Kama unadhani natia chumvi, Novemba 2025 Abbott ilitangaza kwamba baadhi ya vihisi vya Libre 3 na Libre 3 Plus vilikuwa vikisoma chini kimakosa, kama milioni tatu Marekani pekee. Vifo 7 duniani viliripotiwa kuwa huenda vinahusiana navyo. Mtu akiamini sukari iko chini, anakula na kuacha insulini. Kwa mwenye aina ya kwanza hilo si jambo dogo.

Sisemi mtupe vihisi. Mshale unaoonyesha sukari inaelekea wapi, na king'ora cha saa tisa usiku, ni vitu ambavyo kudunga kidole mara nne kwa siku hakutakupa kamwe. Lakini familia ikijinyima ikanunua kihisi cha siku 14, kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ni stripu, kwa sababu tangazo limeshasema hazihitajiki. Bakisheni pakiti moja nyumbani. Hali ya mtoto na skrini zikipingana, dunga kidole. Na muuzaji akikutajia asilimia tisa, mwombe jedwali la vipimo vya chini ya 3.9 kwa watoto wa umri wa mwanao.

Wenzangu watunzi wa programu, ninyi ndio mnaonikera zaidi. Ramani ya simu huchora duara la samawati kuzunguka kitone ikiwa haina hakika uko upande gani wa Moi Avenue. Mnaandika 3.7 kwa herufi kubwa kama imetoka mlimani Sinai, wakati mngeweza kuonyesha "kati ya 2.9 na 4.5". Eti wazazi wataogopa! Wazazi wa watoto hawa huhesabu wanga wa kila kipande cha chapati na kupima insulini kwa nusu yuniti. Duara hilo ni mistari kumi ya msimbo.