Kumnyang'anya mtoto simu si ulinzi

Wadau, hapa Suam wazazi wengi wana dawa moja: mtoto akikosea mtandaoni, simu inachukuliwa. Mimi huandika programu, na najua ukizima ujumbe wa hitilafu, hitilafu yenyewe haijaondoka. Mtoto anayetishwa na mtu mwenye picha zake atanyamaza, maana akisema atapokonywa simu. Mtishaji anataka ukimya huo huo! Mwambie leo: "Ukiniambia, sitakupokonya." Asilipe, asifute ujumbe, ni ushahidi. Apige 116, nambari ya watoto, Kenya na hata ng'ambo ya mto, Uganda. Na kijana anayesambaza picha za aibu za mwenzake hafanyi mzaha: sheria ya Kenya ya 2018 inaliita kosa. Haya, nani ananipinga?