Tuonyesheni Ujira wa Mjengo

Viongozi wakitaka kututhibitishia kwamba uchumi wa Mombasa umekua, hutuonyesha majengo: maghorofa ya Buxton, daraja la Makupa, bustani ya Mama Ngina. Majengo yapo, hatuyakatai. Tunachouliza ni aliyebeba karai alilipwa ngapi jioni.

Ujira wa mjengo hulipwa kwa siku au kwa wiki, mara nyingi mkononi, bila mkataba. Kazi ikipungua, hushuka wiki hiyo hiyo. Mafundi wakiadimika, hupanda kabla ya takwimu yoyote kuchapishwa Nairobi. Tena pesa hiyo haiendi mbali. Faida ya kontrakta huenda benki, lakini ujira wa kibarua huishia katika masoko ya Marikiti na Kongowea, kwa muuza mahamri, na kwa mwenye nyumba Likoni au Kisauni. Ukipungua, wote hao hujua kabla ya waziri.

Huko Uingereza, watafiti Henry Phelps Brown na Sheila Hopkins walifuatilia malipo ya wajenzi kwa karne saba ili kujua watu wa kawaida waliishi vipi. Mombasa nayo ina ushahidi wake. Julai 1939, vibarua wa Idara ya Kazi za Umma waligoma wakidai posho ya nyumba. Mgomo ukaenea hadi bandarini mwezi uliofuata, serikali ya kikoloni ikalazimika kuunda tume ya uchunguzi. Januari 1947 wafanyakazi wa mji mzima wakagoma. Onyo lilikuwa limetolewa zaidi ya miaka saba mapema, na watu wa mjengo.

Na leo? Kima cha chini kilichoanza kutumika Novemba 2024 kilimpa kibarua wa kawaida wa mjini shilingi 16,113.75 kwa mwezi, posho ya nyumba ikiwa kando. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 nacho kinasema kwamba aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Hata hivyo wapo wanaomaliza miezi kwenye saiti moja, kuanzia msingi hadi paa, na bado kila asubuhi husimama langoni wakingoja nyapara awachague. Huo ni uvunjaji wa sheria, na hauna jina jingine.

Aibu hii inaonekana zaidi Mji wa Kale, eneo lililotangazwa kuwa la kuhifadhiwa tangu 1990, jirani na Fort Jesus iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Vichochoro vya Kibokoni havipitishi lori. Mchanga na mawe hushushwa barabarani, huingizwa kwa mkokoteni, kisha hupandishwa ngazi kichwani mwa mtu wa mkono, yaani msaidizi wa fundi. Mwashi anayeijua chokaa hupaka tabaka jembamba, husubiri likauke, ndipo apake jingine. Anajua kwamba saruji ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe likaanza kumomonyoka. Ujuzi huo huchukua miaka kuupata, lakini anapokuja kulipwa hupatanishwa bei kama mtu aliyeokotwa njiani. Halafu wenye nyumba wanalalamika kwamba mafundi wa chokaa wamekwisha! Kijana gani atashika mwiko ikiwa bodaboda inamlipa zaidi?

Hatukubali kuambiwa kwamba mji umekua huku aliyeujenga akishindwa kulipia chumba kimoja. Shirika la Takwimu la Taifa, ambalo tayari hutoa fahirisi ya gharama za ujenzi kila robo mwaka, lichapishe pia malipo halisi ya siku ya fundi na ya mtu wa mkono hapa Mombasa, ili kila mtu ayaone. Kaunti, inayotoa vibali vya ujenzi, iweke daftari la malipo kuwa sharti la kibali, Mji wa Kale ukiwemo. Maafisa wa kazi nao watoke ofisini. Waanze na saiti za serikali yenyewe za nyumba za bei nafuu, ambazo kila mwenye mshahara nchini anakatwa asilimia 1.5 kuzijenga.