Mchezaji na Hukumu Yake

Katika viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani, msimu wa mashindano ya altimeti unapokaribia kwisha, hurudi neno ambalo limekwisha kusemwa mara nyingi: kwamba mchezo huu sasa ni mtu mzima, na kwa hiyo wastahili kupewa waamuzi. Wanaosema hivyo si wajinga wala si maadui wa mchezo. Wengi wao waliucheza ujanani mwao, na wapo miongoni mwao walioona mchezo wa mwisho wa maisha yao ya chuoni ukipotea kwa neno moja la uwongo lililotamkwa na kijana wa upande wa pili. Uchungu wao una haki. Lakini dawa wanayoitaka ni sawa na kumkata mtu ulimi kwa sababu alipata kusema uwongo.

Msomaji asiyeujua mchezo huu apewe kwanza habari zake. Altimeti huchezwa na timu mbili za watu saba saba, katika uwanja wa majani wenye urefu wa yadi 70 na upana wa yadi 40, bila kuhesabu eneo la kufungia lililo katika kila ncha. Chombo chake ni kisahani cha plastiki chenye uzito wa gramu 175, cha namna ile iitwayo frisbi. Aliyekishika haruhusiwi kukimbia nacho. Sharti amrushie mwenzake. Kikianguka, au kikidakwa na mpinzani, zamu huhama. Bao hupatikana kisahani kidakwapo ndani ya eneo la kufungia, na kwa kawaida timu itanguliayo kufika mabao 15 ndiyo mshindi.

Hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba mchezo huu kwa asili yake hauna mwamuzi. Faulo huitwa na yule aliyetendewa, wala si mwingine. Aliyeshtakiwa hukubali au hukataa. Akikubali, mlalamikaji aliyekuwa akidaka hupewa kisahani kana kwamba alikidaka. Akikataa, kisahani hurudishwa kwa yule aliyekirusha, na mchezo huendelea kana kwamba mrusho ule haukuwapo. Hata saa imewekwa mikononi mwa mpinzani: mwenye kisahani ana sekunde kumi za kukiachia, na anayezihesabu kwa sauti ya kusikika ni yule yule anayemzuia, aliyesimama mbele ya uso wake. Sheria za mchezo husema wazi kwamba zimejengwa juu ya dhana kuwa hakuna mchezaji atakayezivunja kwa makusudi. Kwa hiyo hazitafuti kuadhibu, bali hutafuta kuurudisha mchezo mahali ambapo ungalikuwa kama kosa lisingetokea. Desturi hii imepewa jina la Roho ya Mchezo.

Watu wa sheria watacheka. Wao hufundishwa tangu mwaka wao wa kwanza kwamba mtu hawezi kuwa kadhi katika kesi yake mwenyewe, na hapa pana kesi mia kwa siku moja ambamo kila mtu ni mshtaki, mshtakiwa, shahidi na kadhi. Kicheko chao kingekuwa na maana kama uwanja ungekuwa mahakama. Mahakama huwekwa kwa ajili ya watu walioshindwa kukaa pamoja. Uwanja ni mahali walipokwenda watu kwa hiari yao ili wacheze pamoja, na kila mmoja anamhitaji mwenziwe ili mchezo uwepo. Wazee wachezao bao barazani hawajapata kuajiri mwamuzi. Na anayezidisha kete kwa makusudi haadhibiwi na mtu, ila keshoye hukosa wa kucheza naye. Timu za vyuo vya jimbo moja la Marekani nazo hukutana mara mbili, tatu katika msimu mmoja, na sifa ya mwongo hufika uwanjani kabla yake.

Tena mchezo huu haukuanzishwa na mababu watakatifu waliokuwa hawajui tamaa. Ulianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa shule ya sekondari ya Columbia, katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey. Joel Silver ndiye aliyelipeleka pendekezo lake mbele ya baraza la wanafunzi, na yasemekana lilikuwa nusu ya mzaha. Mzaha huo ulifika vyuoni upesi. Tarehe 6 Novemba 1972 timu za Rutgers na Princeton zilikutana New Brunswick kwa mchezo wa kwanza wa altimeti baina ya vyuo vikuu, na Rutgers ikashinda kwa 29 kwa 27. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Ilikuwa tarehe 6 Novemba 1869, miaka 103 kabla yake, katika mji huo huo, vyuo hivyo hivyo vilipocheza mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa mpira wa miguu wa Kimarekani baina ya vyuo, na Rutgers ilishinda siku hiyo pia, 6 kwa 4, kwa tofauti ile ile ya mbili.

Wanaodai waamuzi wangefaa kuitazama njia aliyopita yule kaka mkubwa wa mwaka 1869. Naye alizaliwa mikononi mwa wanafunzi. Kisha wakaja makocha wa mishahara, viwanja vya makumi ya maelfu ya watu, na vijana waliokufa uwanjani, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa mchezo kutoka vyuoni katika Ikulu mwezi wa Oktoba 1905 ili watafute njia ya kupunguza ukatili wake. Sheria ziliongezwa, waamuzi wakaongezwa. Mwaka 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Pengine hayo ni haki kwao, maana walitumika kwa muda mrefu kutajirisha wengine. Lakini mchezo ule umekwisha toka mikononi mwa mwanafunzi, na filimbi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kumtoka.

Mwanafunzi wa altimeti yu hali nyingine. Timu yake kwa kawaida ni chama cha wanafunzi wenyewe. Manahodha huchaguliwa na wenzao, michango hutoka mifukoni mwao, na Ijumaa usiku hujipakia katika magari, wakaendesha saa sita au nane, wakalala wanne wanne katika chumba cha watu wawili. Jumamosi asubuhi wako uwanjani umande ungali juu ya majani. Watacheza michezo mitatu au minne siku hiyo, na Jumapili waliobaki watacheza tena mpaka apatikane bingwa. Anayedhani kwamba hii ni starehe tupu hajapata kukimbia mchezo wa nne katika upepo wa mwezi wa Machi, miguu ikiwa mizito, huku kisahani kikipeperuka kama jani.

Na achukuliwe mmoja wao, kijana wa mwaka wa pili, katika saa hiyo ya nne. Mabao ni 14 kwa 14. Kisahani kinarushwa kwenye eneo la kufungia. Mpinzani wake anaruka, naye anaruka. Mikono inakutana hewani na kisahani kinaanguka. “Faulo!” Wote wanasimama. Hakuna filimbi wala mtu mwenye fulana ya rangi nyingine anayekuja akikimbia. Watu wote wanamtazama yeye. Macho yao yalikuwa mbali au yalikuwa yamezibwa na miili. Lakini mkono wake ulikuwapo, na mkono wake unajua kama ulifika kwenye kisahani kwanza au kwenye kiganja cha mwenziwe. Akisema “Nakataa,” kisahani kitarudi nyuma na timu yake itapata nafasi nyingine. Akisema “Nakubali,” mpinzani atapewa kisahani kwenye mstari wa eneo la kufungia, mchezo utakuwa karibu kwisha, na safari ya saa nane kurudi nyumbani huenda ikawa ndefu. Ana muda wa kuvuta pumzi mbili.

Chuo kikuu kizima hakina mtihani kama huu. Katika darasa la falsafa ya maadili kijana huyo huyo anaweza kuandika kurasa kumi juu ya ukweli, akapata alama nzuri, bila kulipa hata senti moja kwa ukweli wenyewe. Zamani vyuo vilijua kwamba heshima hufundishwa kwa kuaminiwa: wanafunzi wa Princeton walianza mwaka 1893 kufanya mitihani pasipo msimamizi chumbani, kwa ahadi yao tu. Siku hizi imani hiyo inapungua. Katika Stanford, ambako ahadi ya namna hiyo ilianza mwaka 1921, mwaka 2023 mlango wa wasimamizi ulianza kufunguliwa. Basi imebaki sehemu chache ambamo kijana huachiwa uamuzi wenye gharama, na sehemu mojawapo ni uwanja huu wa majani. Hapo ndipo wanapotaka kumleta mtu wa filimbi.

Mwamuzi akija, kijana yule hataulizwa tena. Uwongo hautatoweka, utabadili jina tu, uitwe ujanja. Tarehe 18 Novemba 2009, karibu na Paris, Thierry Henry wa Ufaransa aligusa mpira kwa mkono, mwenziwe akafunga, na Ireland ikakosa kwenda Kombe la Dunia la 2010. Mwamuzi hakuona. Baada ya mchezo Henry alikiri kwamba mpira uligonga mkono wake, lakini akasema kwamba yeye si mwamuzi. Hakuwa mtu mbaya, na jibu lake lilikuwa sahihi kwa mujibu wa mchezo wake. Hilo ndilo la kusikitisha: mchezo wake ulikuwa umekwisha mwondolea wajibu wa kuujua mkono wake mwenyewe.

Hoja moja ya wapinzani ina uzito kuliko zote, na watetezi wengi wa Roho ya Mchezo huipita kwa haraka kwa sababu inawachoma. Yasemwa kwamba uwanja usio na mwamuzi si uwanja wa wakweli bali ni uwanja wa wenye ndimi. Aliyecheza tangu sekondari, anayezijua sheria kifungu kwa kifungu, mrefu wa kimo na mwenye sauti nene, atamshinda kwa maneno msichana aliyejiunga juzi, au mwanafunzi mgeni ambaye Kiingereza kingali kinamkwama kooni. Ni kweli. Na ni kweli zaidi kwa mchezo ambao kwa miaka mingi Marekani umekuwa mchezo wa watoto wa watu wenye nafasi. Wapo manahodha wanaowafundisha wachezaji wao kukataa kila kitu, kwa sababu kukataa hakuna adhabu. Watu hawa wameichukua sheria iliyojengwa juu ya uaminifu wakaifanya ngao ya wizi, kisha wakati wa kuagana husimama katika duara wakausifu uungwana wa mchezo. Hao ndio wanaostahili lawama kali kuliko wanaodai waamuzi, maana ndio waliowazaa.

Lakini asiyejua sheria afundishwe sheria. Ni aibu kwamba timu humfundisha mwanafunzi mpya kurusha kwa miezi mitatu, na haimpi hata jioni moja ya kusoma kitabu kitakachomlinda. Anayenyamaza kwa woga asimamiwe na nahodha wake mpaka amalize maneno yake. Kumwajiri mtu wa kusema badala yake ni kumwacha na unyonge wake ule ule, ila sasa umefichwa.

Katika mashindano makubwa ya vyuo, hasa yale ya taifa ya mwezi wa Mei, njia ya kati imekwisha patikana. Wapo waangalizi. Wao huamua mambo ya mistari, kama mguu ulikuwa ndani au nje, na wana kadi za kuwaonya wenye utovu wa adabu; lakini faulo huanza kwa wachezaji wenyewe, na mwangalizi hutoa hukumu pale tu wanaposhindwa kupatana. Katika mistari hana ubaya, kwa kuwa mtu anayedaka huku anaanguka haoni kisigino chake. Hatari iko katika faulo. Wachezaji wengine wamezoea kukataa upesi, bila hata kutazamana, ili shauri lende kwa mwangalizi, kama watoto wa nyumba moja wanaokimbilia kwa baba. Hata ligi ya malipo iliyoanza mwaka 2012, ambayo iliwaweka waamuzi tangu mwanzo kwa kuwapendeza watazamaji, haikuthubutu kuufunga mlango wote: iliacha kanuni inayomruhusu mchezaji kutengua uamuzi uliompendelea yeye. Wafanyabiashara wa mchezo wameona kilichomo ndani yake. Ingekuwa ajabu kama wanafunzi wasingeona.

Basi waangalizi wabaki na mistari yao. Katika faulo, na iwe sharti kwamba wawili waliogusana wasimame uso kwa uso, kila mmoja aeleze alichohisi na kusikiliza cha mwenziwe, kabla mwangalizi hajafungua kinywa. Na kabla ya mashindano ya kwanza ya msimu, kila mwanafunzi mpya, mwanamume kwa mwanamke, ajibu maswali ya sheria mbele ya timu yake, naye nahodha ajibu pamoja nao. Kazi hiyo itachukua jioni mbili za mwezi wa Januari, wakati viwanja vingi vya kaskazini vingali chini ya theluji na hakuna la kufanya nje.