Kokteli ya mamaledi ni tamu, ndiyo maana lazima upime

Tuseme ukweli. Sherehe nyingi za kejani zina mapishi yale yale: mzinga wa jini, juisi ya pakiti, soda na jagi. Anayechanganya hapimi chochote. Anamwaga, anaonja, anaongeza juisi “isikuwe kali sana,” kisha glasi zinaanza kuzunguka. Ikifika saa nne usiku hakuna anayejua amekunywa kiasi gani, hata huyo aliyemwaga.

Nina pendekezo: jaribu kokteli ya jini na mamaledi. Ndiyo, ile jamu ya machungwa yenye maganda ambayo hubaki kabatini huku jamu nyekundu ikigombaniwa. Siisifu kwa sababu inatoka poa kwa picha. Naisifu kwa sababu inakulazimisha upime, na kupima ndiko kunakokosekana kwenye sherehe zetu.

Usidhani ni mtindo wa jana. Harry Craddock aliiweka katika The Savoy Cocktail Book, kitabu kilichochapishwa London mwaka wa 1930. Yake ilikuwa jini, limau na mamaledi, basi. Miaka ya 1990, Salvatore Calabrese, Mwitaliano aliyekuwa akihudumu kwenye baa ya hoteli jijini humo, alikuja na Breakfast Martini baada ya mkewe kumshurutisha ale mkate na mamaledi asubuhi. Yeye aliongeza pombe tamu ya machungwa, na chupa ya hiyo itakutoboa mfuko. Achana nayo, fuata njia ya Craddock.

Kwa glasi moja unahitaji mililita 50 za jini, mililita 20 za maji ya limau na vijiko viwili vidogo vya mamaledi. Huna kipimo? Kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi kina alama za mililita, kioshe vizuri. Huna chombo cha kutikisia? Tumia chupa ya mamaledi yenyewe ikikaribia kuisha. Koroga kwanza hadi mamaledi iyeyuke, maana ikikutana na barafu mapema inagandamana. Kisha tia barafu, funga kifuniko kabisa, tikisa kama sekunde 15 na uchuje kwa kichujio cha chai. Limau linakata utamu, maganda yanaacha uchungu kidogo ulimini, na hutatamani kugida.

Sasa hesabu. Mililita 50 za jini ya asilimia 40 zina mililita 20 za alkoholi. Tusker ya nusu lita, yenye asilimia 4.2, ina 21. Kwa hivyo hiyo glasi ndogo ni karibu bia nzima. Mzinga wa mililita 750 una glasi 15 za namna hiyo. Mkiumaliza watu wanne, kila mmoja amekunywa karibu bia nne, hata kama ulimi ulihisi juisi tu. Hesabu hiyo kwenye jagi huioni. Ukitengeneza glasi moja moja, unaiona.

Najua utasema kinywaji kitamu ndicho humfanya mtu anywe zaidi. Uko sahihi kabisa. Utamu huficha ukali, na hilo ni kweli kwa mamaledi kama ilivyo kwa juisi. Tofauti ni kwamba hapa kila glasi ina kazi yake: kukamua, kupima, kukoroga, kuchuja. Hizo dakika tano ni breki. Ukianza kuchanganya kokteli hii kwa jagi, umerudi pale pale.

Wengine watasema haya ni mambo ya mabwanyenye. Mabwanyenye gani? Limau, kichujio cha chai na kikombe cha dawa? Anasa iko kwa yule anayemaliza mzinga kwa saa moja na kukosa kazi kesho yake.

Kuna jambo ambalo limau na mamaledi haviwezi kurekebisha, nalo ni pombe feki. Februari 2024, zaidi ya watu kumi walifariki Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Methanoli huwezi kuitambua kwa kuonja. Nunua dukani penye leseni, kagua stempu ya ushuru kwa ile programu ya KRA ya Soma Label, na ukiuziwa kwa bei ya kushangaza, shangaa kweli. Jini la kwenye hadithi angalau hukupa nafasi ya kuomba. La chupa feki halina huruma.

Na kama hujafika miaka 18, sheria imeshakujibu. Kama unaendesha gari, au hunywi tu, changanya mamaledi na limau vivyo hivyo, acha jini, jazia soda isiyo na sukari. Glasi ni ile ile, rangi ni ile ile, na hakuna atakayekuuliza “mbona hukunywi?”

Jumamosi ukiwa mwenyeji, acha jagi jikoni. Waulize wageni wako mmoja mmoja wanataka nini, kisha wapimie mbele ya macho yao. Mtu akijua alichokunywa, anajua pia wakati wa kusema imetosha.